Namba kwenye Blauzi ya Kookum

Kila nikiweka picha za tarehe 30 Septemba kwenye simu, masihara huanza kutoka nyumbani. Binamu zangu kule Taita wakiona umati umevaa rangi ya machungwa hawana dhana nyingine: "Kumbe ODM ina tawi mpaka Kanada!" Siwalaumu. Chungwa ni alama ya chama hicho cha siasa, na tangu kura ya maoni ya 2005, Mkenya akiona chungwa anaona siasa. Nami huwajibu kwa ujumbe wa sauti mfupi, nikiahidi kueleza vizuri siku nyingine. Basi siku yenyewe ndiyo hii.

Rangi hiyo ilianza na shati la mtoto. Mwaka 1973 Phyllis Webstad alikuwa na miaka sita, akilelewa na nyanya yake huko British Columbia. Pesa zilikuwa chache, lakini nyanya alimpeleka mjini amchagulie nguo ya kuanzia shule, na mtoto akapenda shati la rangi ya machungwa lenye kung'aa. Siku ya kwanza katika shule ya bweni ya St. Joseph's Mission, karibu na mji wa Williams Lake, mojawapo ya shule walizopelekwa watoto wa wenyeji asilia wa Kanada, alivuliwa nguo zote, na shati lile hakulivaa tena. Mwaka 2013 alisimulia kisa hicho hadharani, watu wakaanza kuvaa rangi hiyo kila Septemba 30, na mwaka 2021 serikali ya shirikisho ikaitangaza kuwa Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano. Septemba haikuchaguliwa kwa bahati tu. Ndio mwezi ambao watoto walikuwa wakikusanywa vijijini kupelekwa shule.

Hapa Manitoba ninapoishi, mkoa nao uliifanya sikukuu rasmi mwaka 2024. Ofisi zinafungwa, na wapo wanaofurahia tu wikendi ndefu. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee mjini Winnipeg, na kwetu sikukuu maana yake ni zamu yenye malipo ya nyongeza. Mzee hawezi kuambiwa asubiri kuogeshwa mpaka Jumatano kwa sababu ya kumbukumbu za taifa.

Nilipofika mji huu, mtu wa kwanza kunieleza habari za wenyeji wa nchi hii alikuwa mwenzetu Mwafrika, tena mtu mwema, aliyenipokea uwanja wa ndege na kunipikia ugali. Tukipita na gari Main Street akanionyesha kundi la watu wamekaa kando ya njia, akasema: "Wale uwaepuke. Ni walevi, serikali inawalisha." Basi. Huo ndio uliokuwa utangulizi wangu. Tangu hapo nimewasikia wageni wengine wakiambiwa maneno hayo hayo, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kitigrinya sijui, na yanayotolewa ni ushauri wa kumsaidia mgeni, kama vile kuambiwa ununue buti kabla ya Novemba. Dharau tunaipokea wiki ya kwanza. Historia, kama inakuja, inakuja baada ya miaka.

Kitabu cha serikali cha kujiandaa kwa mtihani wa uraia nilikisoma hadi kurasa zikalegea. Kina habari za reli, za mpira wa magongo, za malkia na wafalme. Shule za bweni zimepewa aya moja, inayosema ziliendelea mpaka miaka ya 1980. Shule ya mwisho iliyokuwa ikigharamiwa na serikali katika majimbo ya kusini, ile ya Gordon huko Saskatchewan, ilifungwa mwaka 1996. Mwaka huo mimi nilikuwa darasani Taita nikikariri majina ya mito ya Kanada, maana silabasi yetu ilituhimiza tujue jinsi ngano inavyolimwa kwenye mbuga za huko. Ngano tuliifundishwa vizuri kabisa.

Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi kuna mama mmoja Mkrii, mmojawapo wa wenyeji asilia, kutoka kaskazini mwa mkoa. Wajukuu zake humwita Kookum, nyanya, nasi tukamwita hivyo hivyo kwa ruhusa yake. Ni mdogo wa mwili, mcheshi akitaka, na macho yake hayakosi kitu. Nilipohamishiwa kwenye ghorofa yake nilikuta faili lake limeandikwa kwamba ana tabia ya kuharibu nguo. Nguo za wakazi zikitoka chumba cha kufulia huwa zimebandikwa lebo nyeupe kwenye ukosi, yenye jina na namba ya chumba, zisichanganyike. Kookum alikuwa akikaa kitandani jioni, blauzi mapajani, akizing'oa kwa kucha. Alikuwa mtaratibu. Anaanza pembeni, anainua uzi mmoja mmoja, mpaka lebo inabanduka nzima bila kutoboa kitambaa, kisha anaikunja mara nne na kuitia kwenye kikombe cha karatasi kile tunacholetea dawa. Asubuhi kikombe kina lebo tatu, nne. Dobi wanalalamika, muuguzi anaandika kwenye faili, nguo zinabandikwa tena.

Uji wa oti nao hakuutaka hata uonekane mezani kwake. Hakuwa mkali. Alikuwa akiusukuma kwa mgongo wa mkono mpaka ukingoni mwa meza na kuangalia dirishani. Wenzangu wakaandika: hamu ya chakula imepungua. Ukimletea toast na chai ya rangi alikula vizuri.

Aliyetufumbua macho ni mjukuu wake, msichana anayesoma chuo hapa mjini. Alikuta lebo kwenye kikombe, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akatuambia kwamba Kookum alichukuliwa shule ya bweni akiwa mdogo, akapewa namba, na namba hiyo ilishonwa kwenye kila kitu chake: gauni, soksi, shuka, taulo. Aliitwa kwa namba hiyo asubuhi na jioni. Miaka sabini baadaye bado anaijua. Na hapo ndipo nilipomwangalia yule mama na kuelewa kwamba kwake yeye hakuwa akiharibu nguo. Alikuwa akizirudisha kuwa zake.

Kwa wasomaji wa nyumbani ambao hawajawahi kusikia habari hizi, nitazieleza kwa kifupi, ingawa ufupi hauzitendei haki. Kanada ilianza mapema kuona shule kama njia ya kuwamaliza wenyeji kama watu wenye lugha na desturi zao, bila kuwaua mmoja mmoja. Waziri Mkuu wa kwanza, John A. Macdonald, alisema bungeni mwaka 1883 kwamba mtoto akisomea kijijini anabaki na wazazi wake, kwa hiyo heri atengwe nao kabisa. Serikali ilitoa pesa, makanisa yakaendesha: Wakatoliki zaidi ya nusu ya shule, kisha Waanglikana, na madhehebu yaliyokuja kuungana kuwa United Church, na Wapresbiteri. Mwaka 1920 sheria ikaipa serikali nguvu ya kumlazimisha mtoto yeyote wao wa miaka 7 hadi 15 aende, na mzazi anayemficha anaweza kushtakiwa. Aliyeisimamia sheria hiyo, Duncan Campbell Scott, hakuficha nia yake. Alitaka, kwa maneno yake mwenyewe, kuliondoa kabisa tatizo la Mhindi, kama walivyowaita wenyeji wa nchi hii.

Zaidi ya watoto 150,000 walipita humo, wa makundi yote matatu ya wenyeji asilia: Mataifa ya Kwanza, Métis na Inuit. Makubaliano ya fidia ya mwaka 2006 yalitambua shule 139. Nywele zilikatwa siku ya kwanza. Kaka na dada walitenganishwa. Lugha ya mama ilipigwa marufuku kwa kiboko. Katika shule nyingi, kwa miongo kadhaa, nusu ya siku ilikuwa ni kazi: kufua, kulima, kushona, kukamua ng'ombe, shule zijiendeshe kwa jasho la wanafunzi. Wengi walinajisiwa na watu waliokabidhiwa kuwalea. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, aliandika kwamba kifua kikuu kinawaua watoto kwa sababu ya msongamano na hewa mbaya. Mapendekezo yake yakawekwa kando, na mwaka 1922, akiwa amestaafishwa, akachapisha mwenyewe kijitabu na kuliita jambo hilo uhalifu wa taifa. Na huo uji. Kati ya 1948 na 1952 watafiti wa serikali walikuta watoto wana utapiamlo katika shule sita, na badala ya kuwalisha wakawafanyia majaribio ya vitamini na unga, kundi moja likipewa hiki na jingine likinyimwa, waone tofauti. Nilipoijua habari hiyo sikusukuma tena bakuli la oti mbele ya mzee yeyote bila kumuuliza.

Kituo cha Kitaifa cha Ukweli na Maridhiano, chenye makao yake hapa hapa Chuo Kikuu cha Manitoba, kina orodha ya majina ya watoto zaidi ya 4,100 waliofia shuleni au kwa sababu ya shule, na orodha bado inaongezeka. Mwaka 2021 taifa la Tk'emlúps te Secwépemc huko Kamloops lilipotangaza kuwa rada imeonyesha dalili za makaburi kama 200 kwenye uwanja wa iliyokuwa shule, nchi nzima ilishtuka. Wazee wa Kikrii na Kianishinaabe ninaowajua hawakushtuka. Walikuwa wameyasema hayo tangu zamani, na hakuna aliyewaandikia.

Kuna jambo moja la zamu ya usiku ambalo mjukuu alilieleza akiwa ameangalia sakafu. Sisi usiku hupita vyumbani na tochi kuona kama mkazi anapumua, kama amelowa, kama yuko kitandani. Kookum alikuwa anaamka na kujikunja ukutani, mablanketi mpaka kidevuni, bila sauti. Mjukuu akasema: "Mabwenini kwao, tochi ilimaanisha mtu anachagua mtoto." Hakuongeza, nasi hatukuuliza. Tangu siku hiyo kwenye mlango wa Kookum tunaanza na sauti. Naita jina lake nikiwa bado koridoni, nataja langu, ninaacha mlango wazi taa ya nje iingie, na tochi inabaki mfukoni. Halikugharimu hata senti. Na si yeye tu. Tulipouliza familia nyingine tukakuta kuna wazee wengine watatu kwenye jengo hilo waliopitia shule hizo, na hakuna faili lililosema chochote. Winnipeg pamoja na viunga vyake ina wenyeji asilia zaidi ya laki moja, wengi kuliko mji mwingine wowote wa Kanada. Mtu anayefanya kazi ya kuhudumia wazee hapa na hajui habari za bweni ni sawa na muuguzi wa Mombasa asiyejua malaria.

Maadhimisho ya nyumba ya wazee yalianza kwa mabishano ya moshi. Familia ziliomba kufukiza, maana kwa desturi zao shughuli haianzi mpaka majani makavu ya seji yamewashwa kwenye kombe na kila mtu amejipitishia moshi kichwani, machoni, kifuani. Mimi mtoto wa pwani, au tuseme wa milima inayoitazama pwani, sikuona ajabu. Nani kwetu hajafukizwa? Lakini jengo la Kanada linaogopa moshi kuliko dhambi. Barua zikaandikwa, mtu wa usalama akaja, fundi akapanda ngazi na kuvisha kitambua moshi cha ukumbi wa chakula kofia ya plastiki, dirisha likafunguliwa, na meneja akasimama karibu na kizima moto kama mlinzi wa benki. Kwa hiyo sherehe ilichelewa karibu saa nzima. Wazee walikunywa chai na kutaniana. Hawakuonekana kuwa na haraka.

Kisha ngoma. Ilikuwa ya mkono, mpigaji mmoja, mama wa makamo. Hakukuwa na hotuba ya kusoma. Kila aliyetaka kusema alishika unyoya wa tai, na akiwa ameushika hakuna anayemkatiza, hata akinyamaza muda mrefu. Sisi Waafrika tumezoea msema chochote na MC. Kimya kile kilinitesa mwanzoni. Mzee mmoja aliushika unyoya, akautazama, akaupitisha kwa jirani bila neno, na watu wakaitikia kwa kichwa kana kwamba ametoa hotuba nzito.

Zamu ya Kookum ilipofika, aliimba. Wimbo wenyewe niliujua kabla ya mstari wa pili, kwa sababu sauti yake ndiyo tunayoiimba Taita kwenye mazishi, ila maneno yalikuwa ya Kikrii. Ni Mwanglikana, kama mimi. Alisomeshwa, kama neno hilo linafaa, katika shule ya Waanglikana.

Hapo pana mwiba, na sijaung'oa. Kanisa lililonibatiza, lililojenga shule ya babu yangu milimani, ndilo lililoendesha zaidi ya shule 30 kati ya hizi. Askofu Mkuu Michael Peers aliomba radhi mwaka 1993, huko Minaki, Ontario, miaka kumi na mitano kabla Waziri Mkuu Stephen Harper hajaomba radhi kwa niaba ya serikali, Juni 11, 2008. Papa Francis alifika Maskwacis, Alberta, Julai 2022. Radhi zimeombwa. Lakini nilichokiona pale ukumbini hakikuwa suala la radhi. Mama aliyenyang'anywa jina na watu wa kanisa aliushika wimbo wa kanisa kwa lugha waliyomkataza, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia auache au auimbe. Wapo wajukuu wasiotaka kusikia habari za Yesu, na nyanya zao hawakosi ibada. Wanakaa meza moja. Mtu wa nje akitaka kuwachagulia nani yuko sahihi, heri akachukue trei za chai.

Baada ya unyoya kuzunguka, mjukuu aliniuliza mambo ya kwetu. Nikamweleza habari za diski. Wakenya wa umri wangu mnaijua: kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba, ukinaswa unaongea lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, nawe unatafuta mwenzako aliyeteleza umvishe, na jioni aliyebaki nacho anachapwa. Nilikivaa kwa sababu ya kusema Kidawida uwanjani, nikimwita dada yangu. Kookum alikuwa akinisikiliza kwa makini, mkono sikioni.

"Jioni," akauliza, "ulirudi kwa mama yako?"

"Ndiyo."

"Akakupikia?"

"Ndiyo, Kookum."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkate wake. Sijapata kusikia mtu akiutenganisha msiba wake na wangu kwa maneno machache namna hiyo, tena bila kuudharau wangu. Tangu hapo, nikiwasikia Waafrika wenzangu wakisema "hata sisi tulitawaliwa, tunawaelewa," huwa naomba tuongeze mstari wa pili. Ndiyo, tulitawaliwa. Ndiyo, tulichapwa kwa sababu ya lugha zetu, mara nyingine na walimu wetu wenyewe baada ya mkoloni kuondoka. Lakini wengi wetu tulirudi jioni, na tulibaki kuwa wengi katika nchi zetu. Wenyeji wa hapa ni takriban watu watano katika kila mia.

Mwaka uliofuata nilibadilishana zamu na mwenzangu Mfilipino nikaenda kwenye matembezi ya mjini. Tulianzia The Forks, pale mito ya Red na Assiniboine inapokutana, mahali ambapo watu wamekuwa wakikutana kwa biashara kwa maelfu ya miaka, na ambapo Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza habari za shule hizi, ilifanya kikao chake cha kwanza cha kitaifa mwaka 2010. Manusura hutangulia, wengine kwenye viti vya magurudumu. Nyuma yao familia, shule, vyama vya wafanyakazi, polisi wasio na uhakika waweke mikono wapi. Kisha powwow, sherehe ya ngoma za wenyeji. Niliwangoja wachezaji wa gauni la njuga, lile lililoshonewa vikoni vya bati mamia, ambalo Waanishinaabe huhesabu kuwa gauni la uponyaji tangu wakati wa homa ile ya 1918. Wakiingia pamoja, sauti ni ya mvua kwenye paa la mabati. Watoto wa miaka mitatu walikuwemo, njuga zao zikiwapiga visigino, na wazee waliokuwa wakilia dakika moja kabla wakaanza kucheka.

Nilikwenda na wenzangu wachache wa chama chetu cha Waswahili, Wakenya, Wakongo, Warundi na Mtanzania mmoja. Kuwapata hao kulikuwa kazi. Kwenye mkutano wetu wa kwanza juu ya jambo hili, baba mmoja alisema waziwazi: "Haya ni ya Wazungu na wenyeji. Sisi hatukumnyang'anya mtu mtoto wala ardhi. Tumekuja kutafuta." Wengi walitikisa vichwa kukubali. Alikuwa na hoja, siwezi kumwita mjinga. Mtu aliyekaa miaka kumi na sita katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hana deni la John A. Macdonald.

Nilichomjibu ni kuhusu kiapo. Wengi wetu tumeapa uraia kwa Zoom, kila mtu na mkasi wake, ukiambiwa unyanyue kadi ya ukaazi mbele ya kamera na kuikata vipande afisa akishuhudia. Ile furaha! Mume wangu alishika simu kurekodi akasahau kubonyeza. Lakini katikati ya furaha hiyo kuna maneno tuliyoyatamka. Tangu Juni 2021, kiapo kinasema kwamba katiba inatambua na kuthibitisha haki za wenyeji na haki za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis. Hayo yaliingizwa kwa sababu Tume iliomba. Ni wito wa mwisho kati ya miito yake 94 ya kuchukua hatua, na ule wa 93 unataka wageni wafundishwe historia hii. Tume ilisikiliza watu zaidi ya 6,500, wengi wao manusura, na ilipofika mwisho ikatukumbuka hata sisi tuliokuwa bado kwenye foleni ya viza. Kuhusu ardhi, Winnipeg iko chini ya Mkataba wa Kwanza kati ya serikali na wenyeji, uliotiwa saini Lower Fort Garry Agosti 3, 1871. Nyumba ninayolipia mkopo imo ndani yake. Wenye mkataba wanalipwa dola tano kila mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1875 na hakijapanda mpaka leo. Baba yule alicheka kwa uchungu. "Dola tano? Hata kahawa na keki haitoshi." Akaja kwenye matembezi, na sidhani ni kwa sababu yangu. Nadhani ni kwa sababu ya dola tano.

Jambo jingine lililowatuliza watu kwenye mkutano ule lilikuwa watoto. Waafrika huku tunaiogopa idara ya ustawi wa watoto kuliko tunavyowaogopa polisi. Kila mtu ana kisa cha jirani aliyechukuliwa mtoto. Nikawaambia: kwa sensa ya 2021, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 15 waliokuwa kwenye malezi ya kambo nchini ni wa wenyeji asilia, na wao hawafiki hata wanane katika kila watoto mia. Shule zilipoanza kufungwa, watoto waliendelea kuchukuliwa kwa mlango mwingine. Kina mama wa Kirundi waliokuwa wakipiga soga nyuma wakanyamaza.

Sitaki mtu aliye nyumbani afikiri Kanada imelimaliza jambo hili kwa mashati. Miito mingi kati ya ile 94 bado inangoja. Kenya tuna uzoefu wetu: Tume yetu ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti Mei 2013, na inakula vumbi bungeni. Tofauti ninayoiona ni kwamba manusura wa hapa hawakuiacha ripoti mikononi mwa serikali. Walipeleka kumbukumbu zao chuo kikuu, wakajiwekea siku, wakaingia madarasani. Murray Sinclair, aliyeongoza Tume, mtoto wa Manitoba na jaji wa kwanza mwenyeji asilia katika mkoa huu, alikuwa akisema elimu ndiyo iliyotuingiza kwenye balaa hili na elimu ndiyo itakayotutoa. Alifariki Novemba 2024. Siku ya kumuaga Kookum aliomba avalishwe blauzi yake nzuri akae mbele ya televisheni, na hakutaka kuitwa chakula cha mchana.

Kuhusu lebo, tulipata nafuu kwa muda. Mjukuu alishauri alama ya uzi wa kijani, mishono mitatu upande wa ndani wa pindo, Kookum mwenyewe achague rangi. Meneja wa wakati ule alikubali. Nguo mbili zilipotea, sweta moja ikaonekana imevaliwa na mzee wa ghorofa ya chini ambaye hakuona tatizo, lakini kikombe cha dawa kilikaa kitupu. Sasa amekuja meneja mpya, na chumba cha kufulia kimepelekwa kwa kampuni ya nje yenye mashine zinazosoma namba zilizochapwa kwenye lebo. Bila namba, nguo haipokelewi. Tumeandika barua, familia nne zimetia saini, nami nimeambatanisha karatasi ya jinsi tulivyokuwa tukifanya na uzi. Mwenzangu Mfilipino anasema nguo za Kookum tuzifue wenyewe, kwenye mashine ndogo ya ghorofani, hata kama haimo kwenye orodha ya kazi zetu. Kikao ni Alhamisi saa nane mchana. Mjukuu ameomba ruhusa chuoni ili awepo, na Kookum ametuma neno kwamba naye anakuja, ashushwe mapema apate kiti kilicho karibu na mlango.